Video Inagoma Kucheza? Iulize Mashine Kwanza

Fleshi imechomekwa, televisheni imeiona, na jina la video liko pale kwenye orodha. Unabonyeza, kioo kinabaki cheusi huku MC akisikika vizuri kabisa akiita kamati ya maandalizi mbele. Nyumba ya jirani mambo ni kinyume: bibi harusi anaonekana akitembea taratibu kuelekea meza kuu, lakini sauti hakuna. Mwingine haoni wala hasikii, ameandikiwa tu kwamba faili halitambuliki. Hapo lawama huanza. Mwenye televisheni anailaumu fleshi, mwenye fleshi anamlaumu mpiga video, na mpiga video anaapa kwamba kwenye kompyuta yake inacheza bila tatizo. Na kweli inacheza.

Kompyuta na simu janja kikija kitu kipya unazisasisha, maisha yanaendelea. Televisheni ya kawaida, deki, redio ya gari yenye kioo, kicheza video kidogo cha kushika mkononi na simu ya kitochi havina bahati hiyo. Uwezo wa vifaa hivi kusoma video umefungwa ndani ya chipu tangu kiwandani, na aina ya video iliyobuniwa baada ya hapo havitaijua kamwe. Kwa hiyo kabla ya kutafuta programu ya kugeuzia video, tafuta kwanza mashine itakayoicheza inajua nini. Ukishalijibu hilo, kazi iliyobaki ni ya jioni moja, na mara nyingine picha yenyewe huna haja ya kuigusa.

Jibu liko kwenye kitabu cha maelekezo, katika jedwali dogo la kurasa za mwisho ambalo karibu hakuna anayelisoma. Kama kitabu kilishapotea, soma namba ya modeli iliyobandikwa nyuma ya kifaa, uitafute kwenye intaneti. Unachotaka ni vitu vinne: aina za video, aina za sauti, ukubwa wa juu wa picha kwa pikseli, na aina ya fleshi au kadi inayokubalika. Viandike kwenye karatasi. Kwa vifaa vya bei rahisi visivyo na jina wala kitabu, njia ni moja tu: kujaribu kwa vipande vifupi, na hilo tutalifikia.

Mwisho wa jina haukuambii kilichomo

Watu huulizana, "Hiyo ni MP4 au MKV?" kana kwamba jibu linamaliza mambo. MP4, MKV, AVI, MOV na 3GP ni vifungashio. Gunia lililoandikwa sukari unaweza kukuta limewekwa chumvi, na usipolifungua hutajua. Ndani ya kifungashio kuna picha iliyobanwa kwa mtindo mmoja na sauti iliyobanwa kwa mtindo mwingine, na mitindo hiyo ndiyo inayoitwa kodeki. Televisheni inaweza kulikubali jina la MP4 mlangoni, ikafungua, ikakuta kodeki isiyoijua, ikakuachia kioo cheusi.

Kodeki za picha utakazokutana nazo sana ni hizi. MPEG-1 na MPEG-2 ndizo za VCD na DVD. Ile ya zamani ya MPEG-4, ambayo wengi waliijua kwa majina ya DivX na Xvid, ndiyo iliyojaa kwenye mafaili ya AVI ya sinema enzi za deki zenye tundu la USB. H.264 ilipitishwa mwaka 2003 na mpaka leo ndiyo inayosomwa na vifaa vingi kuliko nyingine yoyote. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ni ya mwaka 2013. Kwa ubora uleule inaweza kuchukua karibu nusu ya nafasi, lakini vifaa vya zamani haviijui. AV1 ni ya mwaka 2018 na kwa fleshi ya kuchomeka kwenye televisheni ya kawaida ni mapema mno kuitegemea. Upande wa sauti, MP3 na AAC hazina shida karibu popote. AC-3 na DTS, zinazotoka kwenye sinema, ndizo zinazokuachia picha bila sauti, kwa sababu ni teknolojia zilizokuja na ada ya leseni na watengenezaji wengi wa vifaa rahisi waliamua kutolipa.

Hapa ndipo siri ya video nyingi za harusi na misiba ilipo. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi zinarekodi kwa HEVC zisipoambiwa vinginevyo. Mjomba amepiga video nzuri kwa simu ya gharama, ameihamishia kwenye fleshi, na televisheni ya sebuleni ya mwaka 2013 haina habari nayo. Dawa ya kuzuia ni rahisi kuliko ya kutibu: kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, chagua "Most Compatible" kabla ya sherehe. Simu nyingi za Android zenye HEVC nazo zina swichi ya kuizima ndani ya mipangilio ya kamera.

Na kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 hakubadilishi chochote. Umeandika upya juu ya gunia.

Kuona kilichomo, fungua video kwa VLC kwenye kompyuta, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Litatokea dirisha linaloonyesha kodeki ya picha, ukubwa wake, idadi ya fremu kwa sekunde, na kodeki ya sauti. Programu ya MediaInfo, ambayo nayo ni ya bure, inaonyesha zaidi: kiasi cha biti kwa sekunde, na kama picha ni ya biti 8 au 10. Hiyo biti 10 iangalie vizuri, kwani kuna mafaili ya H.264 yaliyotengenezwa kwa biti 10 ambayo vicheza video vya mkononi huyakataa ingawa kwenye kasha lao vimeandikwa H.264.

Dalili zinasema mengi

Sauti ipo, picha haipo: kodeki ya picha haijulikani, au picha ni kubwa kuliko uwezo wa chipu. Picha ipo, sauti haipo: karibu kila mara ni AC-3, DTS au ndugu zao. Picha inakatakata au inaganda kila baada ya muda: biti kwa sekunde ni nyingi mno, au fleshi yenyewe ni ya polepole. Sauti inaanza sawa na midomo, halafu baada ya nusu saa imeachana nayo: video ilirekodiwa na simu inayobadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na kifaa kimeshindwa kufuata. Watu wamelala ubavu: simu iliandika pembeni ya faili kwamba "igeuze nyuzi 90 wakati wa kucheza", na kifaa hakisomi maandishi hayo.

Jina halionekani kabisa kwenye orodha? Hilo mara nyingi halihusu video. Ama mwisho wa jina haujulikani na kifaa, ama fleshi imefomatiwa kwa mtindo kisioujua. Vifaa vya zamani vinataka FAT32. Kadi nyingi za memori za hadi GB 32 huja hivyo kutoka kiwandani. Kuanzia GB 64 huja kwa exFAT, na redio nyingi za magari zinaiona kadi hiyo kama haipo. Windows yenyewe kwa menyu ya kawaida imezoea kukunyima FAT32 kwa fleshi iliyozidi GB 32, lakini programu ndogo ya Rufus inaweza. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu kilichomo. Kumbuka pia FAT32 haipokei faili moja lenye kufika GB 4, hata kama fleshi ina nafasi tele, kwa hiyo sinema ya GB 6 haitaingia mpaka uipunguze.

Na kwa kuwa tumetaja fleshi: ile ya "TB 2" inayouzwa mezani barabarani kwa bei ya chakula cha mchana ni ya uongo. Inajitangaza kwa kompyuta kuwa kubwa, inapokea mafaili yako, halafu yale yaliyozidi uwezo wake halisi yanapotea. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, inaijaza fleshi na kuisoma tena ili kuonyesha ukubwa wake wa kweli. Ipime kabla hujaikabidhi kumbukumbu ya familia.

Pengine huhitaji kugeuza

Mafundi wengi wa vibanda vya kuingizia nyimbo na sinema wakiletewa faili linalogoma hulitupa lote kwenye programu ya kugeuzia, wanasubiri saa mbili, wanatoa video iliyofifia kidogo. Kila unapobana upya picha, ubora fulani unapotea na haurudi. Ukikuta kwa VLC kwamba picha tayari ni H.264 na sauti ni AAC, ila vimo ndani ya MKV na televisheni inataka MP4, kinachohitajika ni kuhamisha kifungashio tu. Kazi hiyo inachukua dakika moja au mbili, na picha inabaki ileile biti kwa biti.

Chombo bora cha kazi hii ni FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina vitufe wala madirisha, unaandika amri. Watu huiogopa kwa sababu hiyo, na nadhani wanakosea, maana amri moja ukishainakili kwenye daftari inakutumikia miaka. Hii ndiyo ya kuhamisha kifungashio:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -sn harusi.mp4

Maneno "-c copy" yanamaanisha nakili kila kitu kama kilivyo, na "-sn" inaacha nje maandishi ya tafsiri, ambayo aghalabu ndiyo hukwamisha MP4. Ikiwa shida ni sauti pekee, iache picha na uguse sauti tu:

ffmpeg -i sinema.mkv -c:v copy -c:a aac -ac 2 -b:a 160k -sn sinema.mp4

Hapo "-ac 2" inakunja sauti ya spika sita za ukumbi wa sinema kuwa ya spika mbili, yaani kulia na kushoto. Kama hupendi kabisa kuandika amri, Avidemux inafanya yaleyale kwa vitufe: acha picha kwenye "Copy", sauti uiweke AAC, kifungashio uchague MP4, hifadhi. Mwenye simu ya Android tu anaweza kuweka Termux kisha FFmpeg ndani yake, na amri ni zilezile, ila betri iwe na chaji ya kutosha.

Ikilazimu kugeuza

Kwa kugeuza kwenyewe, HandBrake ndiyo ninayoipendekeza kwa msomaji wa kawaida. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inatoka kwenye tovuti yake ya handbrake.fr. Nasisitiza hiyo anwani. Mwezi Mei 2017 seva moja ya kupakulia ilivamiwa, na kwa siku chache waliopakua toleo la Mac kutoka hapo walipata programu iliyochomekwa kirusi cha kuiba nywila. Kama hilo liliweza kutokea kwa wenyewe, fikiria matoleo yanayozunguka kwenye tovuti za kubahatisha.

Fungua faili, kisha upande wa mipangilio iliyoandaliwa tayari chagua "Fast 480p30" kwa vioo vidogo, au "Fast 720p30" kwa televisheni ya inchi 32. Kifungashio kiwe MP4. Kwenye ukurasa wa Video hakikisha kodeki ni H.264, siyo H.265, na kwa kifaa cha zamani shusha "Profile" iwe "Baseline", ambayo ndiyo rahisi kuliko zote kwa chipu dhaifu. Fremu ziwe "Constant Framerate". Huo ndio ufumbuzi wa sauti inayoachana na midomo. Ubora unapimwa kwa namba iitwayo RF, na inakwenda kinyume na mazoea: ikiwa ndogo, picha ni safi zaidi na faili ni kubwa zaidi. Kati ya 20 na 24 macho mengi hayatalalamika. Kwenye ukurasa wa sauti chagua AAC, "Stereo".

Kisha usigeuze yote. HandBrake inakuruhusu kuchagua sekunde badala ya video nzima. Ipe dakika moja, kutoka katikati penye watu wanaocheza muziki na taa za rangi, kwa sababu hapo ndipo kubana kunapokuwa kugumu. Kipande hicho kichomeke kwenye kifaa chenyewe. Kikikubali, ndipo unaachia kazi nzima usiku ukalale, maana kompyuta ya zamani inaweza kuchukua muda mrefu kuliko urefu wa video yenyewe. Hii hatua ya kipande cha majaribio ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko nyingine zote.

Usiikuze picha. Video ya pikseli 640 kwa 360 ukiigeuza kuwa 1920 kwa 1080 haipati uso mpya wa mtu yeyote. Unapata faili kubwa na kifaa kinachokwama. Kuipunguza ndiyo kuna maana: kicheza video chenye kioo cha pikseli 480 kwa 272 hakina namna ya kukuonyesha zaidi ya hizo.

Ukubwa wa faili utakalopata unaweza kuukokotoa kabla. Kama umeamua kutumia kiwango maalumu cha biti badala ya RF, jumlisha kilobiti za picha na za sauti kwa sekunde, zidisha kwa sekunde za video, gawanya kwa 8. Picha ya kilobiti 1,500 na sauti ya 128 ni 1,628. Sinema ya dakika 90 ina sekunde 5,400. Matokeo ni kilobaiti 1,098,900, yaani GB 1.1 hivi. Kwa kioo kidogo, kilobiti 800 za picha na 96 za sauti zinatosha kabisa, na saa moja inakula MB 403 tu. Kadi ya GB 4 inabeba saa tisa na ushee.

Maandishi ya tafsiri kwa vicheza video vidogo ni bora uyachome ndani ya picha yenyewe, kwa kuweka alama ya "Burn In" kwenye ukurasa wa Subtitles. Hutaweza tena kuyazima, lakini yataonekana popote. Televisheni nyingi husoma faili la SRT lililoko pembeni, mradi jina lake lifanane herufi kwa herufi na la video.

Vifaa vidogo na vya zamani

Kwa simu ya kitochi, au kabambe kama wanavyoiita Kenya, sahau HandBrake. Picha yake ni nzuri mno kwa simu hiyo. Kioo kwa kawaida kina pikseli 240 kwa 320, na chipu inafurahia MPEG-4 ya zamani yenye fremu 15 kwa sekunde. Amri ni hii:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "scale=320:240:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=320:240:-1:-1" -r 15 -c:v mpeg4 -b:v 300k -c:a aac -ac 1 -ar 22050 -b:a 48k kitochi.mp4

Ni ndefu, lakini kazi yake inaeleweka: ipunguze picha ienee kwenye kioo bila kuvuta nyuso za watu, jaza weusi juu na chini, punguza fremu, sauti iwe ya spika moja. Saa nzima inakaa ndani ya MB 157. Ikigoma, jaribu kupunguza picha hadi pikseli 176 kwa 144, ukubwa ambao simu za 3GP zilianza nao.

PSP inayopatikana kwa mtumba inataka MP4 ya H.264, pikseli 480 kwa 272, ndani ya folda iitwayo VIDEO. iPod ya kwanza ya video, ya mwaka 2005, ina kioo cha 320 kwa 240 na inakubali H.264 ya Baseline. Lakini hiyo hupakii kwa kuburuta faili, lazima upitie iTunes, au Finder kwenye Mac za sasa. Vile vichezaji vidogo vya Kichina vilivyoitwa "MP4" miaka ile, kumbe vingi vyao havikuwa vinasoma MP4 hata kidogo. Vilitaka faili la AMV, lenye picha ndogo mno, linalotengenezwa na programu iliyokuja kwenye CD ndani ya boksi. CD ikiwa imepotea, FFmpeg inajua kutengeneza AMV, ila kwa ukweli kifaa hicho kiachie mtoto asikilizie muziki.

Tovuti za kugeuzia video bila kuweka programu zinavutia mwenye haraka. Fikiria lakini: video ya GB 1 unaipandisha kwa bando lako, halafu unaishusha tena kwa bando hilohilo. Umelipa mara mbili, na harusi ya dada yako imebaki kwenye seva ya mtu usiyemjua. Mwezi Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kwamba baadhi ya tovuti za bure za namna hii zinarudisha faili lililobeba programu hasidi. Kwa faili la kazini au la hospitali usifikirie kabisa.

WhatsApp nayo si njia ya kuhamishia video unayotaka kuitunza, kwa kuwa huibana yenyewe kabla ya kuituma. Mwambie mpiga video akutumie kama hati, kwa kitufe cha Document. Tangu mwaka 2022 inapokea hadi GB 2 kwa faili moja.

Sinema ulizopakua ndani ya programu kama Netflix zimefungwa kwa kufuli la kidijiti na hazigeuziki kwa njia hizi. HandBrake haivunji kufuli. Ukipita vibandani utaambiwa inawezekana, lakini hilo ni suala la haki ya mwenye kazi, na sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zote mbili zinalitambua.

Diski za kabatini

Kundi la video linalohitaji kugeuzwa kwa haraka kuliko yote haliko kwenye fleshi. Ni zile VCD na DVD za harusi, maulidi, ubatizo na mahafali za miaka ya 2000, zilizofungwa kwenye bahasha yenye picha ya maharusi na namba ya simu ya studio iliyokwisha kufungwa. Diski zilizochomwa studio zina tabaka la rangi linaloharibiwa na joto na mwanga, na nyumba zetu zina vyote viwili. Kompyuta mpya nazo haziji na tundu la diski. Tafuta kisomaji cha nje cha USB, au azima kompyuta ya zamani.

VCD ukiifungua utaona folda ya MPEGAV, na ndani yake faili lenye jina kama AVSEQ01.DAT. Hilo ndilo video: MPEG-1, pikseli 352 kwa 288. VLC inalifungua. Linakili kwanza kwenye kompyuta ndipo ulifanyie kazi, usigeuze moja kwa moja kutoka kwenye diski inayokwaruza. Picha ni ndogo na ndivyo ilivyozaliwa. Ibakize ukubwa huohuo.

DVD ina folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, kila moja lisilozidi GB 1. Kosa la kawaida ni kugeuza VOB moja moja, na mwisho unapata harusi iliyokatwa katikati ya nasaha za wazazi. Ielekeze HandBrake kwenye folda nzima ya VIDEO_TS, itaunganisha yenyewe. Kisha angalia mambo mawili. La kwanza ni mistari: kamera za kanda za wakati ule zilirekodi kila picha kwa nusu mbili zinazopishana, na kwenye kioo cha kisasa mkono unaopunga unaonekana umechanikachanika kama chanuo. Kwenye ukurasa wa Filters, weka "Deinterlace" iwe "Decomb". La pili ni umbo: DVD ya mfumo wetu wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, lakini hazikusudiwi kuonyeshwa hivyo, ama huvutwa kuwa umbo la televisheni ya zamani la 4 kwa 3, ama la upana wa 16 kwa 9. HandBrake kwa kawaida inalijua, lakini tazama nyuso. Bwana harusi akionekana mwembamba au mnene kuliko mnavyomkumbuka, umbo limekosewa.

Kwa video za namna hii shusha RF hadi 18 au 19 ukubali faili kubwa, kwa sababu hii ndiyo itakayokuwa nakala mama baada ya diski kufa. Kutoka kwenye hiyo ndipo utengeneze ndogo za simu na televisheni. Ihifadhi sehemu mbili: moja kwenye diski ya nje ya kompyuta, nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine. VOB za asili pia usizifute kama nafasi ipo.

Kama kabatini kwenu kuna diski kama hizo, zitoe wiki hii, zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, na uzinakili zikiwa bado zinasoma. Ile iliyokwisha kugoma kwenye deki usiitupe; ijaribu kwenye visomaji viwili au vitatu tofauti, kwa maana diski inayokataliwa na kimoja wakati mwingine husomwa na kingine.